Swali la Tisa

Kalamu ya kitindamimba ilikwama kwenye swali la tisa la fomu ya chuo: Je, una ulemavu?

"Weka Hapana," mama yake alisema huku akimenya viazi. "Ukijitangaza watakunyima nafasi. Mguu wenyewe unauburuta kidogo tu."

"Kidogo, mama? Kuku wakinisikia nakuja wanapata muda wa kuhama."

Mama alicheka, kisha kisu kikasimama kwenye kiazi.

Nyuma ya mlango ulisimama mkongojo wa kaka mtu. Raba yake ya chini ilikuwa bado mpya, maana chuoni aliutumia wiki mbili tu. Naye alishauriwa hivyohivyo, mezani hapohapo, akaweka Hapana. Wakampa chumba ghorofa ya nne, kwenye ngazi zisizo na pa kushika. Aliziteremka salama kila siku, isipokuwa moja.

Mkongojo ukateleza ukutani, ukaanguka kwa kishindo. Hakuna aliyeugusa.

Mama alifuta mikono, akaichukua kalamu vidoleni mwa bintiye, akaikandamiza kwenye Ndiyo mpaka karatasi ikatoboka.

"Nimeandika, baba," akasema, akiutazama mkongojo wa mwanawe. "Nimeandika."