Niko Ofisini, Madam

Kwa mara nyingine tena asubuhi hiyo, Elijah Omanga alijipigia simu. Simu ya mezani, pale ofisi ya kampuni ya mbegu mjini Migori, ikalia. Ile ya mfukoni, ambayo ndiyo iliyotakiwa kulia, ikanyamaza kama imenuna.

"Bravin, bado tu!"

"Boss, tuliza roho," fundi akamjibu. "Laini zenu tumehamishia cloud, kule kwa internet, juzi tu. Hiyo ya simu ya ofisi kukufuata kwa mobile inachelewanga kuingia. Wakubwa wa Homa Bay ndio tulianza nao, yao inafanya tangu jana. Saa hii mmoja wao anaweza kukupigia akiwa shambani na wewe uone namba ya ofisi. Yako itaingia leo, ama kesho."

Kesho ingemfaa nini? Jumamosi hiyo wazee wake walikuwa wanapeleka posa Rodi Kopany, kwa kina Lynnet, baada ya kuahirisha mara mbili kwa sababu ya kazi. Baba ya Lynnet alikuwa amesema wazi: leo au basi. Naye Madam Marion, meneja wa Homa Bay, alikuwa ameamuru kila mtu awe ofisini kujaribu simu mpya.

"Nitawapigia mmoja mmoja," alikuwa ameonya. "Hata mimi nitakuwa hapa siku nzima. Nisiyempata, Jumatatu asije."

Elijah aliipenda kazi yake, lakini alimpenda Lynnet zaidi. Akavaa koti, akaondoka.

Ukweni mambo yalikwenda vizuri. Wazee waliketi sebuleni. Wanawake wa boma walikuwa jikoni, wasionekane na wageni mpaka chakula kiive. Lynnet akapita na maji ya kunawa, akamnong'oneza, "Baba ameshakubali. Amebaki auntie, yule dadake aliyenisomesha shule ya Asumbi. Akikataa, hakuna bibi. Na usimdanganye kitu. Auntie hapendi waongo kabisa."

"Mimi na uongo wapi na wapi?"

Hapo simu ya mfukoni ikalia. Namba ya ofisi ya Homa Bay. Imeingia! Elijah nusura aruke kwa furaha. Aliwaomba wazee radhi, akatoka mbio, akajibanza nyuma ya jiko.

"Omanga, uko wapi?"

"Niko ofisini, madam. Mezani kabisa."

"Mbona nasikia kuku?"

"Ni wa jirani, madam."

"Haya. Kaa hapo hapo. Hata mimi niko ofisini, sijainuka tangu asubuhi."

Maneno hayo Elijah aliyasikia mara mbili: mara sikioni, mara dirishani pa jiko, ambako shangazi mtu, simu begani na mwiko mkononi, alikuwa anaonja mchuzi wa wageni.