Nota za Vigango

Eufrazia alifungua faili la kwaya kutafuta nyimbo kumi na mbili alizonakili Kwaresima nzima kwa ajili ya vigango vya parokia, Sitalike na Kasokola, maana fotokopi ilikuwa mpaka Sumbawanga. Nyimbo zilikuwemo, lakini mwandiko ulikuwa wa mwalimu wa kwaya.

Labda alikosea mahali. Alizilinganisha na daftari lake, sauti kwa sauti, mpaka besi. Hakuna nota hata moja iliyotofautiana. Kidole chake cha kati bado kilikuwa na sugu ya kalamu.

"Mwalimu, zangu ziko wapi?"

"Aa, dada yangu, mistari yako ilikuwa inapanda mlima," mwalimu alicheka. "Nimeziandika upya zote. Zako nikawashia jiko. Usijali."

Kisha akawageukia wanakwaya waliokuja mazoezini. "Jamani, nyie mmeniachia mzigo peke yangu! Za Pentekoste za kunakili ziko ishirini. Nani atajitolea?"

"Si yupo Eufrazia!" alidakia mwimbaji mmoja wa sauti ya pili.

Wote wakamtazama.

Eufrazia alifunga faili taratibu, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili.

"Kazi njema, Mwalimu," alisema, akatoka.