Njaa ya Kuazima

Siku hizi wauguzi wa wodi ya lishe huwaazima wagonjwa njaa yao wenyewe kwa jozi ya bangili: anayevaa moja humpa njaa yake anayevaa ya pili. Muuguzi Tunu alivaa bangili moja, ya pili akamvisha Bi Kidawa, ajuza aliyebaki mifupa mitupu, na tangu hapo bibi akawa anamaliza uji kijiko kwa kijiko huku wakitaniana. Nyumbani mume wa Tunu alijitahidi kupika, lakini mkewe alikuwa akidonoa tu. Njaa yake alikuwa ameiacha wodini.

Asubuhi moja Bi Kidawa aliusukuma uji. "Nataka udongo."

"Udongo, bibi?"

"Ule wa kutafuna, unaouzwa sokoni. Na embe bichi kwa pilipili." Akamtazama Tunu tumboni, kisha akacheka taratibu. "Mjukuu wangu, mimi nimezaa saba, na kwa umri huu sibebi tena. Hamu hii si yangu. Wala si yako peke yako."

Akaivua bangili, akamfumbatisha Tunu kiganjani. "Mrudishie mwenyewe."

Jioni mumewe alipakua wali wa nazi. Tunu, bangili zote mbili zikiwa mkononi mwake sasa, akaweka mkono tumboni, akaketi kuisubiri njaa irudi. Wali ukapoa, naye bado anasubiri.