Gumba la Mwalimu Mkuu

Ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia shuleni, mwalimu mkuu alisimama langoni kuwakagua watoto, eti yeye ndiye daktari. Alifunua kope kwa kidole gumba, akakifuta kwenye suruali, akaenda kwa mwingine.

Mtoto aliyemtangulia Saumu alikuwa na tongotongo tele. "Wewe, rudi nyumbani!" Gumba likahamia kwa Saumu, naye siku hiyo ana mtihani wa mwisho.

Bibi yake, Nyamvula, aliyemsindikiza, akaudaka ule mkono. "Nawa kwanza, Mwalimu. Ndoo ya maji ile pale."

"Bibi, mimi nina cheti cha afya ya shule."

"Hicho cheti ndicho kimekuosha gumba?"

Foleni nzima ikacheka.

"Asiyekaguliwa haingii. Na mtihani unaanza saa mbili."

"Basi mkague. Saumu, jifunue mwenyewe."

Saumu akavuta kope zake chini, jicho moja, kisha la pili. Meupe kama nazi. Mwalimu akatafuta kosa, asilione. "Pita," akaguna.

Bibi alimtazama mjukuu wake hadi akaingia darasani. Alipogeuka, ndoo ilikuwa imejaa vilevile, na mwalimu mkuu, miwani mkononi, alikuwa anajifikicha jicho kwa gumba lile lile.