Mkwaruzo wa Spika ya Kushoto

Ana masikio mawili na hasikii: nani huyo? Kwa Mwanaidi jibu lilikuwa mumewe, aliyezibwa masikio na homa ya zamani. Hata chai alimkaribisha kwa kelele mpaka majirani wakaitika. Siku hiyo alimleta dukani wachague redio na spika kubwa, labda zitamfikia.

Muuzaji akafungulia wimbo, kwa sauti ya chini kabisa.

"Spika ya kushoto inakwaruza," mume akasema.

Muuzaji akainama hata sikio likagusa spika. "Wallahi, mzee, una masikio ya paka!"

Mwanaidi akaikumbuka siku walipomzika binti yao Rukia, alivyomwita bwana huyu huku analia, na mgongo ule haukugeuka.

Akasimama nyuma yake, akanong'ona kama anayejisemea: "Baba Rukia."

Mabega yakashtuka. Kichwa hakikugeuka.