Mchuzi wa Wageni

Honoré alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, suti ya kanisani bado mwilini na pakiti nzima ya chumvi kwenye mfuko wa koti. Mtu mzima, kinyozi anayeheshimika mtaa wote wa Sydenham, ananyatia jikoni mwake mwenyewe kama paka!

Ndani, binti yake Yvette alikuwa anapika kitu cha ajabu. Alichukua kifuko laini cha mayai ya samaki, chekundu, kirefu kama kidole, akakipasua kwa ncha ya kisu. Akakwangua kwa mgongo wa kisu mpaka mayai yote yakatoka, madogo kama chembe za mchanga, ikabaki ngozi tupu. Akayatia kwenye bakuli, akaongeza mayonezi, krimu, siagi iliyoyeyuka na ndimu kidogo. Akakoroga mpaka mchuzi ukawa mzito, rangi ya waridi.

Honoré akashindwa kujizuia. "Sasa hii ni chakula ama ni mafuta ya nywele?"

Yvette hata hakushtuka. "Ni ya Kijapani, papa. Inachanganywa na spageti."

"Na mayai mabichi hivyo?"

"Yamekolezwa chumvi na pilipili. Hayana neno."

"Umeyatoa wapi?"

"Papa na wewe! Si unajua napika kwenye resto ya Wajapani?" Akafunika bakuli. "Usiguse. Iko ya wageni."

Wageni! Saa tisa angefika Onesphore, yule kijana Mrundi wa ghala la barafu la samaki kule bandarini, pamoja na mjomba wake, Mzee Gosbert, kuja kumposa Yvette. Honoré alikuwa amepigana vita hii mwaka mzima. Kwao Bukavu, baba akishakula kitu cha mchumba, basi, amekubali, na hana tena mdomo wa kukataa. Kwa hiyo alirudisha kreti ya bia aliyoletewa na Onesphore. Alirudisha na mbuzi, mnyama analia ndani ya lifti, majirani wote wanasikia. Siku moja kwenye taxi ya kwenda Warwick, Onesphore alimpa pipi ya kifua, na Honoré akaendelea kukohoa hadi mwisho wa safari.

Kijana mwenyewe hakuwa na kosa. Hanywi, anasali, anafanya kazi. Ila mama yake Yvette alishafariki, na Yvette akiondoka, Honoré atakuwa anarudi kila jioni kwenye nyumba isiyo na sauti ya mtu. Jambo hilo lilimtisha kuliko ugonjwa, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Leo aliiona njia. Wageni wa posa lazima walishwe kwanza ndipo waseme neno lao. Wakiondoka na njaa, wamekataliwa, na hawarudi tena. Nusu pakiti ya chumvi ingetosha kabisa.

Simu ya Yvette, BlackBerry, ikalia. Akaisoma, akatabasamu, akachukua mkoba. "Papa, naenda kununua Fanta. Jumapili foleni iko mrefu, nitakawia."

Spageti ilikuwa imeshachujwa, inafuka mvuke. Mezani palikuwa na sahani moja na uma mmoja. Honoré akacheka kimoyomoyo. Mapenzi bwana! Mtoto amechanganyikiwa mpaka amesahau wageni ni wangapi.

Mlango ulipofungwa tu, akafunua bakuli na kuchomoa chumvi yake. Halafu akasita. Mtu hawezi kuharibu chakula bila kujua kilivyokuwa. Akachovya ncha ya kijiko.

Eish!

Mayai yalipasuka ulimini moja moja, yana ladha ya bahari na pilipili kwa mbali, kisha krimu ikaja taratibu ikatuliza kila kitu. Akachovya tena ili apate uhakika. Akatia na spageti, maana mchuzi mtupu unadanganya. Baada ya hapo akavuta kiti, akafungua vifungo vya koti. Kwani chumvi ya nini? Kumwaga chakula ni dhambi, na mchuzi ukiisha wageni si watakosa vilevile? Akala kwa bidii ya mtu anayelinda nyumba yake, na alipomaliza akapangusa bakuli kwa mkate, asiachie mtu hata harufu.

Yvette akarudi na Fanta, nyuma yake Onesphore na Mzee Gosbert wakiwa wamependeza kwa suti zao. Honoré akainuka kuwapokea, bakuli tupu mkononi, masharubu bado yana mchuzi, furaha imemjaa mpaka masikioni.

"Karibuni, karibuni sana. Ila mtanisamehe, ndugu zangu, chakula hakuna," akasema. "Kilikuwa kitamu mno. Nimekimaliza chote, mimi peke yangu."

Yvette aliinamisha kichwa, mabega yakitetemeka. Maskini mtoto wangu analia, akawaza Honoré, na moyo ukamuuma kidogo.

Mzee Gosbert alilitazama bakuli, akayatazama na masharubu. Kisha akaketi bila kukaribishwa, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

"Kijana wetu alihangaika wiki nzima huko bandarini kuyapata mayai hayo," akasema. "Sisi tumeshakula nyumbani, mzee mwenzangu. Tulikuja tu kuona kama wewe umekula."