Kiti cha Mgeni

Nyumba yangu mpya pale Nshamba ilikuwa na kitanda cha miti, kikombe kimoja cha bati na kiti kimoja cha wageni. Nilishukuru kwa vyote. Lakini mume wangu alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa wa UKIMWI, na watu walipita mlangoni pangu bila kusimama.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bernadina, bibi jirani. Nilikifuta kiti kwa khanga, nikamkaribisha. Alikitazama, akaitazama sakafu tupu ya udongo, akageuka akatoka.

Hata yeye anaogopa, niliwaza.

Baada ya muda alirudi na mzigo wa nyasi mbichi kichwani.

"Nani alikufundisha kukaribisha mgeni kwenye nyumba isiyotandikwa nyasi?" alifoka. Alizitandaza mpaka ukutani, zikanukia nyumba nzima, akakaa juu yake na kunyoosha miguu. "Nipe maji."

"Mama, kikombe ni kimoja, nami ndicho ninachonywea."

"Nimekuuliza habari za kikombe?"

Nilimletea kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akaninyooshea kikombe.

"Ongeza."